Harufu ya Baruti na Bega la Kushoto

Mtoto wa kaka yangu amepata barua ya kujiunga na mafunzo ya marenja wa wanyamapori, na tangu aipate amekuwa akija kwangu hapa Nakuru kuniuliza maswali. Ananiita senge, yaani shangazi, kama ilivyo desturi yetu Walogooli, na maswali yake mengi ni ya mbio, chakula na viatu. Namjibu yote. Lakini ninajua kwamba siku itakayomkaa mwilini kuliko zote ni ile atakapolala kifudifudi kwenye renji, uwanja wa kulengea shabaha, na kufyatua risasi ya kweli kwa mara ya kwanza. Malengelenge ya viatu yatapona na atayasahau. Harufu ya siku hiyo ataizeeka nayo, na jinsi atakavyofundishwa ndiyo itakayoamua harufu hiyo itamletea nini akifika umri wangu.

Nimestaafu sasa. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilipita katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, nikilinda vifaru. Ninaandika haya kwa ajili yake na kwa kijana mwingine yeyote anayeelekea kambini, awe wa polisi, jeshi, magereza au misitu. Mengine kati ya haya niliyajua baada ya miaka, na sioni kwa nini nao wasubiri muda wote huo.

Kwanza harufu yenyewe. Watu wa mjini wakinusa fataki za Diwali au za mkesha wa Mwaka Mpya hudhani wameijua harufu ya bunduki. Sivyo. Fataki hutumia baruti nyeusi ya zamani, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, na ile salfa ikiungua huacha uvundo kama wa yai viza. Risasi ya bunduki ya leo hutumia baruti nyingine kabisa, ile isiyotoa moshi mwingi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884 kutokana na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki. Harufu yake ni kavu na kali. Inachoma juu puani, inaacha ladha ya chuma nyuma ya ulimi, na chini yake unasikia mafuta ya bunduki yaliyopata moto. Humo humo mna moshi wa kile kidude kidogo kilicho nyuma ya risasi, kinachogongwa ili kuwasha baruti. Hicho aghalabu huwa na madini ya ledi, na nitarudi kwenye jambo hilo kwa sababu linahusu afya.

Mimi nilizaliwa Vihiga, ambako boma zimebanana na mvua haikawii. Bunduki nilizoea kuiona begani mwa askari wa utawala kwenye baraza ya chifu, basi. Hata kwenye michezo ya shule ya msingi mwalimu alianzisha mbio kwa kugonganisha vipande viwili vya mbao. Kutoka hapo nikajikuta Manyani, kando ya barabara ya Mombasa, kwenye vumbi jekundu na joto linaloanza kabla ya chai ya asubuhi. Ni mahali penye historia nzito, kwa maana miaka ya 1950 Waingereza walifungia maelfu ya watu huko wakati wa Mau Mau. Usiku wa kwanza nililia, na msichana wa kitanda cha juu yangu alilia pia. Asubuhi hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Bunduki tuliyopewa ilikuwa G3 ya Kijerumani. Ina uzito wa zaidi ya kilo nne ikiwa tupu, na magazini yake hubeba risasi 20 za milimita 7.62. Mkufunzi wetu wa shabaha alikuwa koplo mtu mzima kutoka Ukambani, mtu asiyepaza sauti ila mtu akikosea kuhusu usalama. Hapo ungedhani ni mtu mwingine. Kuelekeza mtutu kwa mwenzako, hata bunduki ikiwa imefunguliwa na kukaguliwa, kulikufanya uzunguke uwanja hadi miguu ikatae. Kidole kikigusa triga kabla ya kulenga, vivyo hivyo. Alituambia kila bunduki ina risasi mpaka wewe mwenyewe uangalie ndani, na ukimpa mwenzako naye aangalie tena, hata kama alikuwa amesimama hapo akikutazama ukiangalia.

Kwa muda mrefu hatukupewa risasi hata moja. Tulilala vumbini tukilenga alama nyeupe ukutani. Afande Koplo alikuwa na mfuko wa sarafu za shilingi moja. Ukishatulia anakuja polepole, anaweka sarafu juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, kisha anakuambia uvute triga. Bunduki tupu inagonga, na sarafu ikianguka unaanza upya. Wenzetu wa platuni nyingine walikuwa wakicheka, wakisema sisi tunafundishwa uchumi. Lakini zoezi lile ndilo lililotufundisha kila kitu. Kidole kinavuta taratibu, moja kwa moja kuelekea nyuma, na mwili wote uliobaki haujui kinachoendelea. Mtu anayeng'oa triga kwa ghafla huuhamisha mtutu kidogo sana, na hicho kidogo kikifika mita mia kinakuwa kimekosa shabaha nzima.

Pumzi nayo ina mpango wake. Pumua kawaida. Ukishatoa hewa, kuna kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine, na kwenye kituo hicho kifua kimelala na bunduki imetulia. Hapo ndipo pa kupiga. Kurutu wengi huvuta pumzi kubwa na kuizuia, wakidhani ndio utulivu. Baada ya sekunde chache moyo unadunda kwenye kitako cha bunduki na jicho linaanza kuona ukungu. Ikipita nafasi, acha, pumua, uanze tena. Hakuna anayekufukuza.

Siku ya risasi za kweli bendera nyekundu ilipandishwa kabla jua halijawa kali. Tulilala kwenye mstari, na nilipofyatua risasi yangu ya kwanza kitako kilinisukuma bega, lakini kwa sababu nilikuwa nimekibana vizuri hakikunigonga. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kuwaza. Halafu harufu ikafika. Nakumbuka nilifungua macho nikaona moshi mwembamba wa kijivu ukitoka pale maganda yanaporukia, na nikajisikia nimekuwa mtu mwingine. Nilifurahi. Nasema hivyo bila kuficha, maana watu hutarajia mwanamke aseme aliogopa. Niliogopa kabla. Baada ya harufu ile kunifikia, woga ulikuwa umepata mahali pa kukaa.

Risasi zangu lakini zilikuwa zinakwenda kushoto. Mkao ulikuwa sawa, pumzi sawa, sarafu haikuwa ikianguka, na bado zilikwenda kushoto. Mkufunzi mwingine angebadilisha kilengeo au kuniita mzembe. Afande Koplo aliniinua, akaniambia ninyooshe mikono mbele, niviweke viganja pamoja niache kitundu kidogo katikati, nitazame nguzo ya bendera kupitia kitundu hicho nikiwa nimefungua macho yote mawili. Kisha akasema nifumbe jicho la kushoto. Nguzo ikatoweka. Nikafumba la kulia, nguzo ikarudi.

"Jicho lako la kushoto ndilo bwana," akasema. "Na bunduki umeiweka upande wa kulia. Zinagombana."

Mtu anaweza kuandika kwa mkono wa kulia, kulima kwa mkono wa kulia, na bado jicho linalotawala likawa la kushoto. Watu wa namna hiyo si wachache, na wengi hawajui. Akilenga kutoka bega la kulia, jicho la kushoto huingilia na risasi huenda kushoto. Kuna njia mbili za kulitatua. Unaweza kujizoeza kufumba jicho linalotawala, au unaweza kuhamisha bunduki bega la kushoto na kujifunza upya kila kitu, kuanzia mkao hadi kidole. Aliniachia nichague. Nilichagua kuhama, nikarudi kwenye sarafu wakati wenzangu wanaendelea na risasi. Jioni nyingi nilibaki peke yangu na bunduki tupu, mkono wa kushoto ukitetemeka kwa kutozoea. Ilichosha na iliuma moyo kuwaona wengine wakitangulia, lakini risasi zangu ziliporudi kwenye karatasi zilikaa pamoja, zote tano nikizifunika kwa kiganja.

Sasa sikiliza uhusiano wake na harufu. G3 hutoa maganda upande wa kulia, na huyarusha mbele kwa nguvu nyingi. Ndani ya chumba chake cha risasi kuna mifereji myembamba inayopitisha gesi kuzunguka ganda ili lisikwame, ndiyo maana ganda la G3 hutoka na mistari myeusi ya masizi. Ni bunduki inayojichafua. Anayepiga kwa bega la kulia uso wake uko upande wa kushoto wa bunduki, mbali na tundu la kutolea maganda. Mimi wa bega la kushoto uso wangu ulikuwa upande ule ule gesi inakotokea. Kila risasi niliyopiga iliniletea moshi wake puani. Wenzangu waliijua harufu ile kwa kupitiwa na upepo. Mimi niliivuta.

Kuhusu kushtuka, kila mtu hushtuka. Mwili ukishajua mlio unakuja, macho hufumba na bega husukuma mbele kabla ya risasi kutoka. Afande Koplo alikuwa anatujazia magazini yeye mwenyewe, akichanganya risasi za kweli na za bandia bila kutuambia zimekaa vipi. Ukivuta triga na bunduki isilie, unaona kwa macho yako mtutu ukichota chini. Hakutoa matusi. Alisema tu, "Umeona?" na anayefuata anapiga. Baada ya kuona mara kadhaa mwili unaelewa wenyewe. Wapo watu nilifanya nao kazi baadaye waliofundishwa kwingine kwa mateke na kelele sikioni, na hadi wanastaafu wakinusa baruti mabega yao yalikuwa yanapanda. Walikuwa askari hodari. Bado mwili uliweka kumbukumbu ya teke.

Kwenye karatasi ya shabaha, jambo ambalo kurutu hukimbilia ni kugusa kilengeo. Usikiguse mpaka risasi zako zikae mahali pamoja, hata kama ni pembeni kabisa. Risasi tano zilizorundikana mbali na katikati ni habari njema, kwa kuwa kilengeo kinaweza kuzihamisha zote. Risasi tano zilizotawanyika kila pembe hakuna bisibisi itakayozikusanya.

Nikiulizwa ni kitu gani nalipia hadi leo, ni masikio. Mlio wa bunduki kama ile hufikia desibeli 160 hivi karibu na mpigaji, na sauti ya kishindo inaanza kuharibu sikio kwenye desibeli 140. Haihitaji miaka, mlio mmoja unatosha. Sisi tulijaza pamba, na pamba haizuii kitu cha maana. Nilizoea kusikia mluzi usiku baada ya renji, ukawa unaisha asubuhi, kisha ukawa hauishi. Siku hizi mtu akiniita kutoka jikoni huku televisheni inaongea sisikii anachosema, na kifaa cha kusaidia kusikia kinauzwa makumi ya maelfu ya shilingi kwa sikio moja. Vile vizibo laini vya povu ambavyo unavikunja na kuviingiza sikioni ni rahisi sana kwa bei. Vivaliwe na kofia za masikioni juu yake kama zipo. Kijana akichekwa kwa kuvivaa, acheke naye, lakini asivivue.

Na ule ledi. Moshi wa renji huacha vumbi mikononi, usoni na kwenye nguo, na vumbi hilo huingia mwilini kupitia mdomo. Usile kitu renjini. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa ugali, hata kama foleni ya chakula ni ndefu na wenzako hawanawi. Jioni tulikaa tukivuta kitambaa ndani ya mtutu kwa kamba, kikitoka cheusi tunavuta kingine, mpaka kitoke safi, na kazi hiyo ni chafu kuliko kupiga kwenyewe. Nguo za renji zifuliwe peke yake. Mwenye mtoto mchanga nyumbani asimbebe kabla ya kuoga na kubadilisha, na mwenye mimba azungumze na daktari kabla ya kwenda renjini. Watoto ndio ledi huwaumiza zaidi, akili zao hasa. Mimi nililijua hili nikiwa tayari nina mtoto wa kwanza.

Nilipopangiwa Ziwa Nakuru nilishukuru. Ni mbuga yenye uzio, mji uko ukutani, na tangu miaka ya 1980 imekuwa hifadhi ya vifaru, weusi na weupe. Nilipenda hata harufu ya ziwa lenyewe, ya magadi na kinyesi cha heroe. Doria zilikuwa ndefu na nyingi hazikuwa na tukio. Vijana wanaofikiri kazi hii ni kufyatua risasi watashangaa. Ni kutembea, kuhesabu, kuvizia kwenye baridi, na kuandika ripoti.

Usiku mmoja upande wa kusini, kuelekea Makalia, tulikutana na watu waliokuwa wameingia kumtafuta kifaru. Sitaeleza mengi. Walianza kupiga, tukajibu, na ilikuwa fupi kuliko kusimulia. Mwenzangu alipigwa pajani. Nilimfunga kwa mkanda nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, na moshi wa bunduki yangu mwenyewe ulikuwa bado usoni, umechanganyika na damu yake. Alipona, anatembea, tunapigiana simu. Lakini tangu usiku ule harufu haikunipeleka tena Manyani.

Ilikuwa inanipeleka kwenye nyasi zile. Fataki za Mwaka Mpya zilipopigwa mjini, ambazo nimeshasema harufu yake si moja na ya bunduki, mikono ilinifa ganzi. Nilikwenda uwanja wa Afraha kumtazama binti yangu akikimbia mbio za shule, mwanzishaji akapiga bastola yake ya kuanzishia, kamoshi kadogo kakapita jukwaani, nami nikajikuta nje ya lango nimeshika ukuta. Binti alimaliza wa pili sikumwona. Kazini nilianza kutafuta sababu za kutokwenda renjini. Nilisema mgongo unauma.

Aliyeniona ni sajini mmoja aliyekuwa karibu kustaafu. Hakuniuliza kama ninaogopa. Aliuliza, "Mama, ukinusa unaona nini?" Nilimwambia. Akaniambia tutaanza na shilingi.

Tulirudi mwanzo kabisa. Bunduki tupu, bega la kushoto, sarafu juu ya mtutu. Baadaye ganda lililopigwa karibuni, nilishike tu na kulinusa nikiwa nimeketi kivulini tunazungumza habari za watoto. Kisha risasi moja, nainuka, tunakunywa chai. Kisha risasi moja tena. Hakukuwa na haraka yoyote, na akiona pumzi imebadilika tunafunga kazi. Sambamba na hayo nilimwona mshauri nasaha mjini, nikilipa kutoka mfukoni mwangu, na kwa mshahara wa renja zile hazikuwa pesa ndogo. Nilikata mambo mengine ya nyumbani ili nizipate, na sijutii shilingi hata moja.

Huyo mshauri ndiye aliyenieleza kwa nini pua ina nguvu hivyo. Mambo tunayoyaona na kuyasikia hupitia kwanza kituo kimoja katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kusambazwa. Harufu haipiti huko kwanza. Kutoka puani inaingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, amigdala na hipokampasi, kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana nilikuwa tayari nimefika langoni pale Afraha kabla ya kujua nimesimama. Akaniambia pia kwamba tukio la kwanza ambalo harufu imeambatana nalo hushika kwa nguvu ya pekee. Hapo nilielewa alichofanya sajini. Alikuwa hanifundishi kitu kipya. Alikuwa ananirudisha kwenye siku ya kwanza, kwa Afande Koplo na mfuko wake wa sarafu, na siku hiyo ilikuwa njema vya kutosha kubeba uzito wa ule usiku.

Haikufuta ule usiku. Sasa harufu ikinijia, Manyani hufika kwanza, vumbi na bendera nyekundu na ile furaha, halafu nyasi za Makalia zinafuata nyuma, na nina muda wa kuzitazama zikija. Tofauti hiyo ya sekunde chache ndiyo iliyonirudisha doria hadi nikamaliza utumishi wangu.

Kwa hiyo kama wewe ni mkufunzi na umesoma mpaka hapa, nakuomba jambo. Kurutu aliye mbele yako anapumua moshi wake wa kwanza. Chochote utakachomfanyia dakika hizo kitakuwa chini ya kila harufu ya baruti atakayokutana nayo, kwenye mazishi ya mwenzake risasi zikipigwa hewani, kwenye operesheni, kwenye sherehe za watoto wake. Mvumilie. Mpe risasi baada ya kuwa tayari. Na kama wewe ni askari ambaye harufu hiyo imekugeukia, usidanganye kuhusu mgongo kama mimi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, tena mapema, kabla hujaanza kukwepa renji, kwa kuwa kadiri unavyokwepa ndivyo inavyozidi kukua.

Mpwa wangu alikuja tena Jumapili. Tulisimama uani, nikamwambia anyooshe mikono atengeneze kitundu kwa viganja na kutazama tangi la maji la jirani. Alipofumba jicho la kushoto, tangi likatoweka. Alicheka, mimi sikucheka, nikampa mpini wa jembe auweke bega la kushoto, nikaweka shilingi juu yake. Nimemwambia akifika amweleze mkufunzi wake siku ya kwanza ya shabaha kwamba jicho linalotawala ni la kushoto, asisubiri karatasi imsemee, na ajiandae kuvuta moshi kuliko wenzake. Nimemwambia anunue sabuni yake mwenyewe. Vizibo vya masikio tunakwenda kuvitafuta mjini Jumamosi, pakiti nzima, ili abaki navyo vya kumgawia wa kitanda cha juu.